Ndugu Mhariri, hata dakika moja inahesabika

Ndugu Mhariri, salamu na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa afya ndo huwa naanza nao kabla hata ya siasa, sasa safari hii nimeshindwa kukaa kimya. Kwenye makala yenu ya mazoezi mmeandika kwamba mtu akitaka faida lazima afanye nusu saa mfululizo, na kwamba zoezi la chini ya dakika 10 halihesabiki. Mama yangu alikuwa amekaa pembeni, huwa namsomea gazeti kwa sauti kwa sababu macho yake siku hizi hayaoni vizuri, nilipofika kwenye hiyo sentensi akanyanyua mkono akaniambia, "Basi mwanangu, mimi na wewe tuache tu." Tulikuwa tuna wiki kama tisa hivi tunafanya vizoezi vyetu vidogo vidogo ndani, na sentensi moja ya gazeti ikamkatisha tamaa hapohapo. Ndo maana naandika.

Hiyo habari ya dakika 10 najua haikutoka hewani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2010 ulikuwa unasema hivyo kabisa, mazoezi yaende angalau dakika 10 bila kukatika. Lakini mwaka 2020 wakatoa mwongozo mpya na hicho kipengele wakakiondoa. Sasa hivi wanasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 mpaka 150 za nguvu, na angalau siku mbili kwa wiki za kuipa misuli kazi, na hizo dakika zinaweza kuja vyovyote zitakavyokuja. Marekani nao kwenye mwongozo wao wa mwaka 2018 walishakiondoa tayari. Kwa hiyo mlichoandika ni kitu cha zamani, na kinaumiza watu ambao wanahitaji kutiwa moyo kuliko wote.

Ngoja nieleze na mimi nimefikaje hapa maana siandiki kama mtaalamu, naandika kama mtu ambaye limemkuta. Kazi yangu ni ya hesabu, yaani kiti na kompyuta, naingia asubuhi natoka jioni, nikifika nyumbani kuna watoto wawili na homuweki zao na kuna mama ambaye anahitaji kusaidiwa kuoga na kuvaa, ukija kushtuka ni saa nne usiku na mwili umeisha. Nilishalipia jimu miezi mitatu nikaenda mara nne. Kila mwezi unaopita nilikuwa najiona nimefeli, na kwa kweli hiyo hali ya kujiona umefeli ilinifanya nisogee mbali zaidi na mazoezi, kwa sababu nilishajiwekea kichwani kwamba kama huna saa nzima, raba na nguo za mazoezi basi bora usianze.

Afu siku moja lifti ya kazini ikaharibika. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne. Nilikuwa nimebeba mafaili mawili mazito nikapanda na wenzangu tunaongea, tulipofika ya pili nikawa siwezi tena kujibu, ya tatu nikasimama, nikashika chuma cha ngazi, moyo nausikia unapiga masikioni na mbele kunakuwa na nyota nyota, kijana mmoja wa ofisini akashuka akanipokea mafaili akaniuliza "Dada uko sawa?" na mimi hata sauti ya kumjibu sina. Kesho yake nikaenda kupima, presha iko juu. Nesi aliyenipima akaniuliza unafanya mazoezi? Nikamwambia sina muda. Wala hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hiyo ofisi yenu iko ghorofa ya ngapi?" Nikamwambia ya nne. Akasema kesho shuka kwenye lifti ukifika ghorofa ya tatu, hiyo moja iliyobaki ipande kwa miguu, mchana rudia, jioni rudia, wiki ijayo tutaongea. Basi, huo ndo ulikuwa ushauri wote, na ndo ushauri wa kwanza wa mazoezi katika maisha yangu ambao niliweza kuutekeleza siku hiyohiyo.

Sasa hivi napanda zote nne, mara tatu kwa siku, na ile ya mwisho naipanda kwa kasi mpaka nahema. Dawa za presha bado nameza na mtu yeyote asije akaacha za kwake kwa sababu ya barua hii, daktari ndo anajua, lakini vipimo vyangu vimetulia na daktari amefurahi. Kikubwa zaidi naweza kupanda huku naongea na mtu. Kwa asiyewahi kukosa pumzi kwenye ngazi hicho ni kitu kidogo, kwangu mimi sio.

Kuna kitu nilikuja kukisoma baadae kikanishangaza, kwamba hii ishu ya ngazi ndo mwanzo kabisa wa sayansi ya mazoezi na moyo. Mwaka 1953 daktari mmoja Muingereza, Jerry Morris, alichapisha utafiti wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Kwenye basi moja kuna watu wawili, dereva amekaa zamu nzima, na kondakta ambaye anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi, wengi wao ngazi 500 mpaka 750 kwa siku ya kazi. Kampuni ni moja na barabara ni zilezile, lakini madereva walikuwa wanaugua moyo zaidi kuliko makondakta. Kondakta hakuwa anafanya mazoezi, alikuwa kazini. Anapanda, anasimama, anakata tiketi, anashuka, vipande vipande hivyo kutwa nzima. (Morris huyohuyo baadae akaenda kuangalia vipimo vya sare zao, akakuta madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, kwa hiyo huenda sio tofauti yote ilitoka kwenye ngazi, nalisema hilo kwa sababu napenda mtu anayejikagua mwenyewe namna hiyo.)

Kama hilo lilijulikana tangu wakati huo, kwa nini watu walikuja kushikilia dakika 10? Kwa ninavyoelewa sababu kubwa ilikuwa ni namna ya kupima. Tafiti nyingi zilikuwa zinategemea madodoso, mtu anaulizwa wiki iliyopita ulitembea kiasi gani, na binadamu anakumbuka matembezi ya nusu saa jioni, hakumbuki kwamba asubuhi alikimbilia basi na mchana alipandisha ndoo mbili za maji ghorofani. Vile vipande vidogo vilikuwa havionekani kwa sababu hakuna aliyekuwa anavihesabu. Vilipokuja vile vifaa vya kuvaa mkononi vinavyorekodi kila unavyotikisika, ndo vikaanza kuonekana.

Na vilipoonekana vilikuwa sio vidogo. Desemba 2022 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti ulioongozwa na Emmanuel Stamatakis wa Chuo Kikuu cha Sydney. Walichukua watu zaidi ya 25,000 wa Uingereza ambao wenyewe walisema hawafanyi mazoezi yoyote, umri wao kwa wastani miaka 62 hivi, walivaa kifaa mkononi kwa wiki moja afu wakafuatiliwa karibu miaka saba. Waliokuwa na vipande vitatu kwa siku vya kujituma hasa, kila kimoja dakika moja mpaka mbili, yaani kupanda ngazi haraka, kubeba mizigo, kukazana kwenye mlima, hatari yao ya kufa katika kipindi hicho ilikuwa chini kwa asilimia 38 mpaka 40 ukilinganisha na wasiokuwa na kipande hata kimoja, na kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ilikuwa chini karibu nusu. Ni kweli utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kwamba ni ngazi ndo zimewaokoa, maana mtu mwenye afya njema ndo mwenye nguvu ya kukimbia ngazi. Lakini Mhariri, hawa ni watu ambao kwa sentensi yenu wangeandikiwa sifuri.

Na kuna tafiti nyingine ambazo watu waligawiwa kufanya na kutofanya, hizo hazina huo utata. Mwaka 2019 Wakanada waliwachukua vijana wasiofanya mazoezi, wakawapandisha ngazi 60 mbio, mara tatu kwa siku na masaa ya kupumzika katikati, siku tatu kwa wiki kwa wiki sita. Uwezo wao wa moyo na mapafu ukapanda kama asilimia 5. Najua mtu atasema asilimia 5 sio kitu, ila kumbuka jasho lenyewe ni la sekunde chache tu kila safari. Na mwaka 2012 kule Australia waliwakalisha watu wenye uzito mkubwa kwenye viti masaa matano baada ya kunywa kinywaji cha sukari, siku moja wanakaa tu, siku nyingine kila baada ya dakika 20 wananyanyuka wanatembea dakika mbili. Siku za kunyanyuka sukari kwenye damu haikupanda sana, ilikuwa pungufu kwa karibu robo au hata zaidi ukilinganisha na siku ya kukaa. Na huko kutembea kwa siku moja wapo kulikuwa kwa taratibu kabisa!

Kwa nini inakuwa hivyo, hapa ndo nilifunguka macho. Msuli ukifanya kazi unafungua milango yake wenyewe na kuvuta sukari kutoka kwenye damu, haungoji insulini peke yake iufungulie. Na misuli mikubwa kuliko yote mwilini ni ya mapaja na makalio, ile ambayo ukikaa kwenye kiti ndo inalala kabisa. Kwa hiyo kila ukinyanyuka unaiamsha. Ukikaa tena inalala tena. Mtu anayekimbia saa moja alfajiri afu anakaa masaa kumi amefanya jambo kubwa sana na simbezi hata kidogo, lakini na yeye hayo masaa kumi yanamhusu.

Sasa wengi wananiuliza unafanya nini na saa ngapi, na mimi jibu langu ni kwamba usitafute muda, tafuta kitu ambacho tayari unakifanya kila siku ukigandishie zoezi. Mimi nikibandika maji jikoni nachuchumaa na kunyanyuka mpaka yaanze kuunguruma, wala sihesabu, maji ndo saa yangu. Simu ikiita ofisini nasimama, nikimaliza kuongea nasukuma ukuta mara 15, mikono kwenye usawa wa kifua, mwili umenyooka kama ubao, unaenda mbele taratibu unarudi, na kwa mtu ambaye pushapu za chini haziwezi hiyo ya ukutani inamtosha sana kuanzia. Nikimsubiri mtoto avae viatu naruka kamba bila kamba pale mlangoni, na yeye anaruka, tunachelewa dakika moja. Nilijaribu kuweka alamu kwenye simu kila saa, haikunisaidia, ilikuwa inalia katikati ya mitingi naizima, ikifika jioni nimeizima mara nane na kunyanyuka sijanyanyuka. Alamu unaweza kuizima ila maji jikoni lazima yachemke.

Ya jasho watu wanaogopa bure. Dakika moja hailoweshi shati, mwili unachukua muda mpaka uanze kumwaga jasho, ukikaa kidogo pumzi inarudi unaendelea na kazi. Kujua kama umejituma vya kutosha pia hakuhitaji saa ya kisasa. Ukiweza kuongea lakini kuimba huwezi, hapo ni wastani. Ukiongea maneno mawili matatu tu unavuta pumzi, hapo ndo penye nguvu. Ila mtu asianzie huko kwenye nguvu kama amekaa miaka, aanze na kunyanyuka tu na kutembea, na mwenye maumivu ya kifua, au kizunguzungu, au anayetumia dawa za moyo, aende kuongea na daktari kwanza. Mwenye magoti mabovu ngazi kupanda mara nyingi ni nafuu kuliko kushuka, apande kwa miguu ashuke kwa lifti, hakuna aibu yoyote hapo. Na chuma cha ngazi kishikwe.

Aibu, hilo nalo niliseme maana ndo lilinisumbua kuliko hata pumzi. Ukisimama simama ofisini watu wanakuangalia kama unakwepa kazi. Bosi wetu wa zamani alikuwa ukinyanyuka kwenye kiti anakufuata kwa macho mpaka ukae. Na zile ngazi zenyewe, kwenye jengo letu zilikuwa giza, taa za ghorofa ya pili na ya tatu zimeungua siku nyingi, na pale kwenye kona wamerundika viti vibovu na maboksi ya karatasi za zamani, mwanamke kupita peke yake jioni unaogopa. Sasa unamwambiaje mtu apande ngazi? Tulikaa watu watano tukaandika barua fupi kwa wasimamizi wa jengo, hatukuomba kingine, taa na maboksi tu. Ilichukua wiki tatu. Taa ziliwekwa, viti vikatolewa, na toka hapo naona watu ambao sijawahi kuwaona kwenye zile ngazi wanapanda, wengine wameshika viatu mkononi. Kwa hiyo nawaomba mabosi na wenye majengo wanaosoma gazeti hili waende wakaangalie ngazi zao leo, wazipande wenyewe mpaka juu, wataona kinachowazuia watu.

Kingine Mhariri, fikirieni mnaowaandikia. Anayesoma gazeti lenu ni dereva anayesubiri abiria, mlinzi wa zamu ya usiku, mama mwenye kichanga mgongoni, mwalimu mwenye madaftari sabini ya kusahihisha. WHO wenyewe walitoa hesabu mwaka 2024 kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu duniani, asilimia 31, watu kama bilioni 1.8, hawafikii kiwango cha mazoezi kinachotakiwa. Hao hawakosi kujua kwamba mazoezi ni mazuri, wamelisikia hilo mpaka wamechoka. Wengi wao wanakosa saa. Ushauri unaoanza na "tenga saa moja" ni wa mwenye saa moja, na huyo pengine tayari yuko uwanjani. Dereva anaposubiri gari ijae anaweza kushuka akalizunguka mara tatu kwa haraka, mlinzi anaweza kutoka getini mpaka kona na kurudi kila saa, mwalimu anaweza kusimama kila akimaliza madaftari kumi. Hayo yote wanayaweza bila kununua kitu na bila kumuomba mtu ruhusa, ila lazima kwanza waambiwe kwamba yanahesabika, maana binadamu hafanyi kitu ambacho ameambiwa hakina thamani.

Mama yangu sasa. Tulipoanza hakuwa anaweza kunyanyuka kwenye kiti bila kushika meza kwa mikono miwili, na akishanyanyuka anayumba. Nilimsogezea kiti ukutani kisirudi nyuma, mimi nikasimama mbele yake nimemuwekea mikono tayari, akajaribu, akashindwa, siku ya kwanza mpaka ya tatu alishindwa. Ya nne alinyanyuka mara moja, magoti yanatetemeka kabisa nayaona, akakaa akacheka. Tukawa tunafanya kila tangazo likiingia kwenye redio, moja au mbili basi. Wiki ile mliyotoa makala alikuwa amefika tano bila kushika popote, na choo siku hizo alikuwa ameanza kwenda mwenyewe usiku bila kuniamsha. Huyo ndo mtu aliyeambiwa havihesabiki. Alikaa siku mbili hataki, nilipomsomea huo mwongozo wa 2020 kwenye simu, nikamtafsiria mstari kwa mstari, akaniambia nirudie pale pa dakika. Nikarudia. Redio ilipoingia tangazo akashika magoti yake, akanyanyuka.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Ile sentensi muirekebishe, na msiifiche kwenye kona ya ukurasa wa ndani, muiweke palepale ilipokuwa na kwa herufi zilezile, mseme mwongozo ulibadilika mwaka 2020. Na kama nafasi ipo, kila wiki wekeni zoezi moja tu la dakika moja na picha yake, la kufanyika kwenye kiti au kwenye ngazi, herufi ziwe kubwa kidogo kwa ajili ya wenye macho kama ya mama. Nitamsomea.

Ni mimi msomaji wenu,
Mhasibu wa ghorofa ya nne